Salamu za Noeli 2025 kwa Wanaparokia, na kwa Walioacha Kuja

Tumsifu Yesu Kristo!

Wapendwa wanaparokia, wazee wetu, akina mama na akina baba, vijana, watoto wa Utoto Mtakatifu, na ninyi ambao hamjajiandikisha katika jumuiya yoyote lakini hamkosi kusimama karibu na mlango usiku wa mkesha: kwa niaba ya Halmashauri ya Walei nawatakia nyote Noeli njema, yenye amani, afya na baraka tele. Mtoto Yesu azaliwe mioyoni mwenu na katika familia zenu. Wagonjwa wapate nafuu, wasafiri wafike salama, wafiwa wapate faraja.

Hayo ndiyo niliyotumwa kuandika, na kila mwaka huandikwa hivyohivyo. Safari hii katibu ameniachia nafasi pana kuliko kawaida, basi mnivumilie.

Mwaka umekuwa mzito. Vitu vimepanda, mapato yako palepale, na nimeona watu wazima wakipokea kikapu cha sadaka na kukipitisha upesi kwa jirani huku macho yameganda altareni. Familia kadhaa zimezika. Kanisa zima pia limezika: Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili, Baba Mtakatifu Fransisko alituaga, siku moja tu baada ya kutokea roshani na kutoa baraka ya Urbi et Orbi, yaani kwa mji wa Roma na kwa dunia, kwa sauti iliyokwisha nguvu. Wapo waliompenda na wapo waliomnung'unikia, hata kwenye mabenchi yetu, tusijifiche. Tarehe 8 Mei tukapewa Papa Leo wa XIV, ambaye maneno yake ya kwanza yalikuwa yale ya Kristo Mfufuka, kwamba amani iwe nasi sote. Ndivyo Jubilei hii, Mwaka Mtakatifu wa 2025, ilivyofunguliwa na mmoja, na sasa inafungwa na mwingine.

Nakumbuka jinsi ilivyofunguliwa. Usiku wa 24 Desemba 2024 Papa Fransisko, akiwa katika kiti cha magurudumu, alifungua Mlango Mtakatifu wa Basilika la Mtakatifu Petro, ule unaofunguliwa mwaka wa Jubilei tu. Siku mbili baadaye, sikukuu ya Mtakatifu Stefano, akaenda gereza la Rebibbia, hapohapo Roma, akafungua mlango mwingine. Wafungwa wakapata Mlango Mtakatifu kabla ya basilika nyingine kubwa tatu za mji ule. Mimi sijui hotuba inayoweza kusema zaidi ya mpangilio huo.

Sasa milango hiyo inafungwa. Majimboni Mwaka Mtakatifu unahitimishwa Jumapili tarehe 28 Desemba, na ule mlango wa Mtakatifu Petro utafungwa siku ya Epifania, tarehe 6 Januari 2026. Angalieni Injili tutakayosomewa hiyo Jumapili ya 28, sikukuu ya Familia Takatifu: ni Yosefu anayeamka usiku, anamchukua mtoto na mama yake, anakimbilia Misri. Siku tunayofunga Jubilei, tunasomewa habari za familia ya wakimbizi inayotafuta pa kulala katika nchi ya watu. Hakuna aliyekaa akapanga iangukie hapo. Ni Mwaka A tu, katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa. Lakini imeangukia hapo, na mimi siwezi kuipita.

Na kabla ya hapo, jioni ya mkesha, kuna ile orodha ya Mathayo ya ukoo wa Yesu: Abrahamu akamzaa Isaka, Isaka akamzaa Yakobo. Mapadre wengi huchagua somo fupi, na siwalaumu, majina yale yanachosha ulimi na watoto huanza kusinzia. Ila tunapoyaruka tunawaruka wanawake wanne. Tamari, aliyejifunika uso njiani ili baba mkwe wake asimtambue. Rahabu, ambaye kazi yake mnaijua. Ruthu Mmoabu, mjane wa kigeni aliyeokota masazo shambani kwa watu. Na mke wa Uria, ambaye Mathayo hata jina lake hakuliandika, ili dhambi ya Daudi isisahaulike. Halafu ndipo anakuja Maria. Kama ukoo huo ungeletwa kwenye kikao chetu cha parokia kuomba barua ya utambulisho, nadhani tungeiahirisha ajenda.

Hapo ndipo nilitaka kufika. Sisi tunajisifu kuwa parokia inayokaribisha. Tuna wakaribishaji mlangoni, wana sare na tabasamu, wageni husimamishwa kabla ya baraka ya mwisho na kupigiwa makofi. Ni jambo jema, liendelee. Lakini makofi ni ya mgeni wa siku moja. Huyu anayerudi Jumapili ya pili, ya tatu, halafu tukajua ameachika, au mtoto wake hana baba wa kutajwa, au ametoka gerezani, au anaishi na mtu bila ndoa ya Kanisa, huyo ndiye kipimo. Makofi yakishaisha huanza minong'ono. Minong'ono haina sare, ndiyo maana hakuna kamati inayoisimamia.

Mama yangu alifariki katika Kwaresima. Wengi mlikuja, mlisali, mlichanga, na sina namna ya kuwashukuru. Ila kuna jambo nimelibeba tangu siku ile na nalisema leo kwa sababu nisipolisema nitaliugua. Mtu wa kwanza kufika nyumbani, kabla hakujapambazuka, alikuwa mwanamke ambaye kwa miaka amekuwa akikaa benchi la nyuma na kubaki peke yake wengine wakipanga foleni ya Komunyo. Mnamjua. Ndoa yake haijabarikiwa, na sababu zake si za kuandikwa hapa. Aliingia bila maneno, akafagia, akachemsha maji, akakaa chini kando ya mama akaanzisha rozari, matendo ya uchungu, akaongoza peke yake hadi mwisho kwa sababu mimi sauti ilikuwa imenitoka. Baadaye akafika mmoja wetu, mwenye cheo, na swali lake la kwanza kwangu, baada ya pole, lilikuwa kama michango ya marehemu kwa parokia ilikuwa imekamilika.

Ilikuwa imekamilika. Mama alikuwa mtu wa namna hiyo. Lakini je, isingekuwa?

Nikaenda kutafuta. Sheria ya Kanisa, ile ya mwaka 1983, kanuni ya 1181, inasema katika mazishi kusiwe na upendeleo wa watu, wala maskini wasinyimwe mazishi yanayowastahili. Kanuni ya 848 inasema mhudumu asidai kitu zaidi ya sadaka zilizowekwa na mamlaka, na aangalie daima wahitaji wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Sasa mtu akikuambia huruma ni mambo ya kisasa yaliyoletwa na Papa mmoja, mwonyeshe kanuni hizo. Na kuchangia Kanisa ni wajibu kweli, kanuni ya 222 inasema hivyo, na paa linalovuja halizibwi kwa nia njema. Nachangia, na nitaendelea kuwahimiza. Ninachokataa ni daftari la michango kukaa mahali pa kitabu cha uzima.

Papa Fransisko aliandika mwaka 2013, katika waraka wake Evangelii Gaudium, kwamba Kanisa si kituo cha kutoza ushuru, ni nyumba ya Baba yenye nafasi kwa kila mtu na mizigo yake. Palepale akasema Ekaristi si tuzo ya wakamilifu, ni dawa na chakula cha wanyonge. Mwaka 2016, katika waraka mwingine, Amoris Laetitia, akaandika kwamba walioachana na kuingia katika muungano mwingine waonjeshwe kuwa ni sehemu ya Kanisa, kwamba hawajatengwa. Na Agosti 2023 kule Lisbon, mbele ya vijana wa dunia, akawataka warudie pamoja naye kwamba katika Kanisa kuna nafasi kwa wote, wote, wote.

Wapo wanaouliza, na wameniuliza mimi mlangoni: wote hadi akina nani? Basi niseme na hili, nikijua wapo watakaoishia hapa kusoma. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2358, inapowazungumzia wenye mvuto wa jinsia yao wenyewe, inaagiza wapokewe kwa heshima, huruma na upole, na kila dalili ya ubaguzi usio wa haki iepukwe. Mafundisho ya Kanisa juu ya ndoa yako palepale, sijaja kuyabadilisha na sina mamlaka hayo. Lakini agizo hilo nalo ni mafundisho. Mzazi aliye na mtoto wa namna hiyo anakaa kati yetu kila Jumapili akiomba tu padre asitanie jambo hilo katika mahubiri. Hatujui ni benchi lipi. Tuseme basi kana kwamba ni letu.

Wapo pia tunaowafungia nje bila hata kuwasema vibaya. Mwenye kiti cha magurudumu ambaye ngazi zetu zimemwambia hapana kabla ya mkaribishaji kumwambia karibu. Kiziwi anayetazama midomo ya msomaji aliyeinamisha kichwa kwenye kitabu. Mama mwenye mtoto asiyetulia, anayegeuziwa shingo na safu nzima. Mgeni wa lugha nyingine, anayesali kwa moyo kwa sababu maneno hayajui. Hao hawahitaji waraka kutoka Roma. Wanahitaji mteremko wa zege, kipaza sauti kilichorekebishwa, na shingo zisizogeuka. Mteremko tumeujadili vikao vingi sana. Sinodi nzima ya Kanisa, ile ya kusikilizana na kutembea pamoja, iliyoanza Oktoba 2021 imeshamalizika Oktoba 2024, sisi bado tuko kwenye makadirio.

Ndugu zangu, mtume Yakobo aliliona hili mapema mno. Katika sura ya pili ya barua yake anaeleza mtu mwenye pete ya dhahabu anaingia, anaambiwa akae mahali pazuri, na maskini anaambiwa asimame kule au akae miguuni. Anauliza, je, hamjawa waamuzi wenye mawazo mabaya? Barua ile haikuandikiwa wapagani. Iliandikiwa watu waliokwisha kubatizwa, wanaojua nyimbo zote. Na siku ya mwisho Bwana hatatuuliza kwaya iliimba sauti ngapi. Atasema: nalikuwa mgeni, mkanikaribisha, au hamkunikaribisha. Tutataka kujua lini, kwa kuwa sisi tulikuwepo kila Jumapili, na jibu tunalijua tangu utotoni, tulilikariri katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Tubuni, jamani. Tubadilike. Wazee, acheni kuuliza ukoo kabla ya kuuliza hali. Vijana, mnaowacheka waliokuja na nguo zilezile kila wiki, acheni. Viongozi, na mimi nikiwemo, ofisi ya parokia isiwe mahali ambapo mtu huingia na dhiki na kutoka na fomu. Padre akikataza uongo tunasema amina. Akikataza umbea tunatazamana.

Yule dada wa benchi la nyuma ameanza kuongoza rozari siku za Jumamosi. Niliomba, padre akakubali, na wanaokuja wanajua jinsi anavyoongoza. Shauri la ndoa yake linaendelea taratibu mahali panapohusika, na huko tuliache. Noeli hii atakuwa kwetu. Ni ya kwanza bila mama, na sitaki kujifanya nina nguvu. Kiti cha mama ataketi yeye, nimeshamwambia.

Mkesha utaanza saa tatu usiku kwa nyimbo, Misa saa nne. Misa za tarehe 25 ni kama Jumapili. Mwenye mgonjwa nyumbani anayetaka Komunyo aletewe amwambie katekista mapema, asione haya na asiulizwe lolote zaidi ya jina na njia ya kufika. Mwenye gari lenye nafasi na jirani asiyeweza kutembea, mpitie. Mliosimama mlangoni miaka yote, mabenchi ya mbele yatakuwa wazi, tumekubaliana viongozi tukae nyuma. Na mliokwisha kuacha kuja, kwa neno mlilotamkiwa na mmoja wetu, njooni hata kama neno hilo bado linauma. Hatutawauliza mlikuwa wapi.

Paroko wetu, mapadre wasaidizi, masista, makatekista, wanakwaya, watumikiaji na wote wanaofagia kanisa bila kutajwa, Mungu awalipe. Nawatakia tena, kwa niaba ya Halmashauri ya Walei na kwa niaba yangu mwenyewe, heri ya Noeli na fanaka za Mwaka Mpya 2026.

Wenu katika Kristo.