Scorsese asikilizwe, lakini si kwa yote

Ndugu Mhariri,

Mwaka 2019 Martin Scorsese, mwongozaji mkongwe wa filamu wa Marekani, alisema filamu za mashujaa za kampuni ya Marvel si sinema, akazifananisha na viwanja vya bembea. Mwongozaji mwenzake, Francis Ford Coppola, akaongeza ukali. Vijana wa hapa Nkuhungu wanasema ni wivu wa wazee.

Si wivu. Baadaye mwaka huohuo Scorsese aliandika katika gazeti la New York Times kwamba filamu hizi zinajaza kumbi na kuzinyima nyingine nafasi. Hilo nalishuhudia kwenye banda umiza, ukumbi wetu mdogo wa video, la jirani: ubao wa chaki mlangoni ni mashujaa wiki nzima, filamu ya Kitanzania sijaiona tangu Ramadhani.

Ila kusema si sinema, hapo nakataa katakata. Black Panther ya 2018, nayo ya Marvel, iliteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora. Niliitazama kwenye banda hilohilo na mpwa wangu, kanga ya mama yake kaifunga shingoni. Mfalme alipotupwa kwenye maporomoko, mtoto alinishika mkono, asiuachie hadi alipomwona tena yu hai. Kama hiyo si sinema, ni nini?

Wenye mabanda, tutengeeni japo Jumatano moja kwa filamu zetu.

Msomaji wako,
Nkuhungu, Dodoma