Hiyo meza ya Wahispania

Shosti wangu,

Mambo vipi huko? Voisi yako nimeisikiliza nikacheka mpaka basi, eti kwenye somo lako la Kihispania umekuta meza ni mesa, kwa hiyo Wahispania wametuibia neno letu! Hapana mwaya, sisi ndo tulichukua, ila hatukuchukua kwao, tulichukua kwa Wareno, wale waliofika Mombasa na Malindi na Vasco da Gama 1498 halafu wakang'ang'ania pwani karibu miaka mia mbili mpaka Waomani walipowatoa Fort Jesus 1698. Na ushahidi ni hiyo z. Mreno anaandika mesa sawasawa na Mhispania, ila akitamka inatoka "meza" kabisa, maana s yao ikikaa katikati ya irabu mbili inageuka z, wakati Mhispania anabaki na s yake kavu. Tungeitoa kwa Mhispania saa hizi tungekuwa tunasema mesa kama Wafilipino, wao ndo waliotawaliwa na Wahispania.

Sasa Mreno na Mhispania wote wameirithi kwa Warumi. Kilatini cha vitabuni ni mensa, ila mtaani hiyo n ilishakufa zamani, watu wanasema mesa tu. Kuna orodha moja ya kale inaitwa Appendix Probi, mwalimu fulani hivi anasahihisha watu neno kwa neno, humo kaandika "mensa non mesa", yaani sema mensa, achana na mesa. Nani alimsikiliza sasa! Na kwenye mensis, yaani mwezi, n ikaondoka vilevile, ndo maana kwenye somo lako utakutana na mes, Mreno ana mês, Mwitaliano mese.

Ila kinachonichekesha ni Waitaliano, wenye Roma yao, meza wanaiita tavolo! Wafaransa nao table. Wote hao wameenda na tabula, ambayo kwa Warumi ilikuwa ubao. Mensa Italia bado ipo ila ni kantini, pale wanafunzi wanapopanga foleni na sinia mkononi. Neno la zamani limebaki pembeni pembeni, Ureno na Hispania huku magharibi, kisiwa cha Sardinia, halafu unaruka mpaka Romania kule mashariki unakuta masă, ambayo kwao ni meza na ni mlo pia, hapo katikati wamebadilisha. Mi naona hata sisi tuhesabiwe, tuko pembeni kuliko wote lol, na Waindonesia na meja yao, nao waliipata kwa Wareno hao hao.

Leso nayo ni ya Mreno, lenço. Gereza ni igreja, yaani kanisa, na usiniulize kanisa limegeukaje kuwa jela saa hizi, nina nguo za kuanua na mvua imeshaanza. Nisalimie mama, na ukifika kwenye vitenzi vya Kihispania nipigie, hapo ndo utalia.

Wako,
shoga ako wa siku zote