Malalamiko: Kesingi za Inchi 8 Zilizoletwa Si Tulizoagiza

Kamati ya Kisima,
Amboni, Tanga.

Meneja wa Mauzo,
Yadi ya Mabomba ya Chuma,
Tanga.

YAH: KUKATAA KESINGI 8 ZA CHUMA

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mabomba 8 ya kesingi (ya kuzuia udongo usiangukie kisimani) mliyoshusha hapa, kila moja la mita 6, hayalingani na oda yetu. Tumeamua kuandika badala ya kupiga simu tena kwa sababu jibu pekee tulilopewa ni kwamba "inchi nane ni inchi nane".

Oda ilitaja kipenyo cha nje milimita 219.1, unene milimita 8.18 (skeduli 40, yaani daraja la unene), chuma cha daraja B kwa kiwango cha ASTM A53 au API 5L (viwango vya Marekani vya mabomba ya chuma), ncha zikiwa zimechongwa mshazari tayari kwa kuchomelewa. Hatukuomba J55 wala mabomba mengine ya visima vya mafuta. Tumepima unene kwa kalipa, sehemu nne kila ncha, tukapata milimita 5.6. A53 inavumilia upungufu wa asilimia 12.5, yaani bomba hili lisishuke chini ya 7.16. Mkiitilia shaka kalipa yetu, pelekeni bomba kwenye mzani: lililo sahihi lina kilo 255, haya yana takriban 177. Kwa mabomba yote 8 tumelipia zaidi ya kilo 600 za chuma ambazo hazikupanda gari.

Neno "inchi nane" ndilo linalowapotosha wateja. Kipenyo cha nje hakibadiliki. Unene ukipungua, nafasi huongezeka ndani. Ukiyatazama kwa nje, jembamba na nene ni pacha. Mtu wenu alifikia hata kutusifia kwamba jembamba "linapitisha biti vizuri zaidi", yaani kichwa cha kuchimbia. Haya hayapitishi. Yamebonyea: kipenyo cha nje ni milimita 213 upande mmoja na 225 upande wa pili, wakati kiwango kinaruhusu tofauti ya asilimia 1 tu. Mshono wa ndani nao haukukwanguliwa, umejitokeza milimita 3. Ukitoa unene wa kuta mbili kwenye 213, kisha ukatoa na huo mshono, panabaki chini ya 199. Biti yetu ni 200. Ikikwama mita 15 chini, kuichomoa ni kazi ya siku nzima, na kompresa inakunywa dizeli.

Kesingi hizi ni za juu, za kushikilia udongo na mchanga uliolegea mpaka tufike kwenye mwamba. Hapa Amboni mwamba ni chokaa yenye nyufa na matundu, ileile iliyotoboka mapango. Bomba huvishwa kiatu cha chuma kigumu, likapigiliwa mpaka likae barabara juu ya mwamba, ndipo nyundo ya hewa iingie ndani yake. Kila kipigo hupita kwenye maungio. Ncha zenu zimekatwa kwa gesi, zimepinda, wala hazina mshazari wa nyuzi 30. Fundi akichomelea ncha butu, chuma hukaa juu juu bila kuingia hadi ndani. Ungio hupasuka wakati wa kupigilia, au hupasuka kimyakimya na hewa ya kompresa ikatokea nyuma ya bomba. Hewa hiyo huchota mchanga, shimo likapanuka huko nyuma, na ardhi ikaanza kutitia chini ya miguu ya mtambo.

Mmetueleza pia kwamba kesingi ya muda haihitaji unene, kwa kuwa itang'olewa. Ni kinyume chake. Kesingi ya muda ndiyo inayoteswa: inapigiliwa, inavutwa kwa jeki, inakatwa, inachomelewa tena kisima kinachofuata. Ya kudumu hukaa imezungukwa na saruji. Lakini hata hiyo, huku pwani kwenye maji ya chumvi, unene ndiyo akiba yake dhidi ya kutu.

Jambo la mwisho ni alama. Bomba la A53 au 5L hupigwa chapa ubavuni: kiwango, daraja, vipimo, na kwa kawaida namba ya mkupuo wa chuma (chuma kilichoyeyushwa pamoja) inayolingana na hati ya kiwanda. Haya yamepakwa rangi nyeusi tupu, na hati mliyoleta inahusu mabomba ya inchi 6. Kwa macho yetu haya ni mabomba ya nguzo na mapaa, mazuri kwa kazi yake.

Tunaomba myachukue na kuleta yaliyoagizwa ndani ya siku 7, kwa gharama yenu ya usafiri, au mturudishie fedha zote. Kabla ya kushusha, tutapima unene na kipenyo cha kila ncha tukiwa na dereva wenu, na hatutasaini bila hati yenye namba inayosomeka kwenye bomba. Siku hizo zikipita kimya, vipimo hivi tutavipeleka Shirika la Viwango (TBS) na Tume ya Ushindani (FCC).

Mabomba yote 8 yako juu ya magogo uani, hayajakatwa wala kuchomelewa. Gari lije na winchi. Hapa hatuna ya kupakilia.

Wenu,
Kamati ya Kisima na mafundi wa mtambo