Mkate wa zabibu, Jumamosi hii

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa mama na dada zangu. Jumamosi hii saa nane mchana tutakutana nyumbani kwangu, Ipagala, kuoka mkate wa zabibu, kwa kuwa hapa Dodoma Mungu ametupa tunda hili mlangoni, na ni haki lifike mezani petu.

Asiye na oveni asisite kuja, maana tutatumia sufuria nzito na jiko la mkaa: moto mwingi juu ya mfuniko na mdogo chini, kwani moto wa chini ukizidi, mkate huungua kitako kabla katikati hapajaiva. Zabibu kavu tutaziloweka kwanza katika maji ya uvuguvugu, zisije zikanyonya unyevu wa mkate, kisha donge tutalifunika mahali pa joto hadi liumuke.

Nimechagua somo hili kwa sababu naamini kazi ya nyumbani ni ibada, kama ya yule mwanamke wa Mithali 31 aamkaye kungali usiku kuwaandalia chakula watu wa nyumbani mwake. Mume wangu akirudi jioni kutoka kazini Mtumba, tunaketi kwa chai na mkate (simu zinabaki chumbani), na mazungumzo ya saa hiyo yameijenga ndoa yetu kuliko semina nyingi nilizohudhuria.

Kila mmoja alete nusu kilo ya unga wa ngano. Hamira, sukari na zabibu ninazo. Wenye watoto wadogo waje nao. Tafadhali thibitisheni kufikia Alhamisi jioni, ili nijue mkaa wa kununua.