Odette, karatasi yangu uishike wewe

Katuba, Lubumbashi

Dada Odette,

Jambo mama. Watoto wazima? Na biashara ya Ndola inakwenda? Huku tuko, Mungu anatulinda. Mguu wa mama umepona, harusi ya kwa Baba Kasongo imesogezwa tena, na Mado amejifungua salama. Najua tangu Pasaka sijaandika. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia jambo hili bila kukutia hofu, na sijaipata, basi nalisema tu: mwezi wa sita nakwenda kutembea porini peke yangu, kulala huko huko, na nataka wewe ndiye ujue nilipo.

Usipige simu kwanza. Soma hadi mwisho.

Ni Mutinondo, huko huko kwenu Zambia, upande wa Mpika, ukiacha barabara kuu iendayo Tanzania. Ni hekta kama 10,000 za miombo, vijito na majabali makubwa, na mgeni anaruhusiwa kufuata njia za miguu bila kiongozi. Si nchi ya simba na tembo kama Luangwa. Kundelungu ningeipenda zaidi, maana maporomoko yake ya Lofoi ni yetu na maji yanaanguka zaidi ya mita 300, lakini kule sithubutu bila walinzi.

Sababu unaijua. Tangu msiba wa dada mkubwa Jeanne nyumba hii haijakuwa na chumba kitupu. Nimepika, nimepokea wageni, nimelia mbele ya watu. Nataka siku chache ambazo hakuna anayeniuliza kama nimekula.

Mwili nimeanza kuuandaa mvua zilipokatika. Alfajiri nashika barabara ya Kipushi na begi mgongoni, ndani vidumu vya maji. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo uzito naujua, na magoti yakianza kulalamika namwaga kidogo. Sitaki kupita sehemu moja ya tano ya uzito wangu. Wauza makaa wenye baiskeli wamenizoea, wananiita Mama Maji.

Usiku ndio ulionifundisha zaidi. Nimelala kwenye shamba la mjomba, ndani ya hema, peke yangu kabisa. Komba alilia juu ya mti, na yule mnyama analia kama mtoto mchanga aliyetupwa. Moyo ulinipasuka! Lakini kulipokucha nilijua ni komba, na akilia tena sitakimbia gizani nikavunjika mguu. Hofu kama hiyo nimeona heri niizoee karibu na nyumba. Baridi nayo, unaijua Juni yetu, usiku inashuka chini ya nyuzi 10. Nimenunua sweta za sufu za mitumba, maana pamba ikilowa haikaushi mwili, inaupoza.

Maji nitachemsha yatokote dakika nzima. Chakula ni karanga za kukaanga, samaki mkavu na unga kidogo wa bukari, moto mdogo tu juu ya ardhi niliyoifyeka, kwa sababu majani ya kiangazi yanawaka upesi. Nyoka: kifutu analala njiani na hakimbii mtu, kwa hiyo macho chini na viatu virefu. Akiniuma, sichanji, sinyonyi, sifungi kamba. Natuliza mguu na kuomba msaada. Lakini msaada huo utatoka wapi, ikiwa hakuna anayejua nipo bonde gani?

Ndiyo maana narudi kwako. Nikiteguka kifundo, dira na tochi havitamwita mtu. Nina filimbi, mipulizo sita kwa dakika, kisha kimya dakika moja, kisha tena. Ila filimbi inasikika na aliye karibu, na aliye karibu lazima awe ametumwa. Nitakuachia karatasi: njia nitakayofuata, kila mahali pa kulala, rangi ya hema na ya koti, namba za kambi. Natoka porini Alhamisi. Ikifika saa kumi na mbili jioni hujanisikia, wapigie simu watu wa kambi. Ijumaa saa mbili asubuhi bado kimya, waambie waanze kutafuta, na usione haya kwamba labda nimechelewa tu. Nami naahidi sitabadilisha njia niliyoiandika, hata nikiona jabali zuri namna gani.

Mama sitampa karatasi hii, angeamsha Katuba nzima Jumanne jioni. Kaka Deo naye angesema tungoje kidogo, tungoje kidogo. Wewe tangu shule ukiandikiwa kitu unakifanya kama kilivyoandikwa. Ninahitaji mtu wa namna hiyo, Odette, na sina mwingine.

Sasa niambie. Utakubali? Wiki ya pili ya Juni utakuwa Ndola, au una safari ya Lusaka? Simu yako inakaa na chaji usiku? Nikivuka Kasumbalesa naweza kulala kwako, tukaisoma karatasi pamoja? Ile kadi ya homa ya manjano bado wanaidai mpakani? Lile jiko dogo la gesi la mume wako, anaweza kuniazima? Na kama roho yako inakataa, utaniambia wazi, mapema, nisiondoke nikikutegemea bure?

Wasalimie wote. Nangoja jibu lako.

Wako,
Béa