Msilipake rangi gitaa hilo kabla halijasomwa

Bwana Mhariri,

Tumesoma habari yenu juu ya gitaa la umeme lililotunzwa na familia moja hapa Lubumbashi, linalosemwa kuwa lilikuwa la mpiga solo mashuhuri wa rumba. Mlitaja ushahidi wa aina mbili: namba iliyogongwa kwenye bamba la nyuma, na risiti ya mauzo ya mwaka 1965. Kisha mkaongeza, kama habari njema, kwamba fundi ameshapatikana wa kulipaka rangi upya, kuziba matundu na kuondoa mikro (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) "zisizo zake", ili lionyeshwe kwa watu likiwa kama lilivyotoka kiwandani. Hapo ndipo tuliposhika kalamu. Sisi ni mafundi wa vyombo vya muziki wa Kamalondo na Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, na tunaomba kazi hiyo isimamishwe.

Tuanze na namba, maana ndiyo inayodanganya wengi. Mliandika kwamba gitaa ni Fender Stratocaster na namba yake inaanza na herufi L. Ni kweli kwamba namba za L zilitumika toka mwishoni mwa 1962 hadi 1965. Lakini bamba lenyewe limeshikwa na skrubu nne tu. Mtu mwenye bisibisi hulihamisha toka gitaa moja hadi jingine kabla chai haijapoa, na bamba jipya lenye namba yoyote unayotaka linanunulika. Hata likiwa ndilo la asili, kiwandani mabamba yalichotwa kisandukuni bila kufuata mpangilio, kwa hiyo namba inakupa kipindi, haikupi siku. Kwa Gibson, kiwanda kingine, mambo ni mabaya zaidi: katika miaka ya 1960 namba ileile iligongwa kwenye magitaa tofauti ya miaka tofauti. Na ukitaka kujua jinsi kiwanda chenyewe kilivyoweza kupotosha watu, angalia kibandiko kilicho chini ya mikro za Gibson za muongo ule: namba ya hataza 2,737,842 iliyoandikwa pale ni ya kishikio cha nyuzi alichobuni mpiga gitaa Les Paul, wala haihusu mikro hata kidogo.

Umri wa gitaa unasomwa ndani. Kabla ya kulifungua, legeza nyuzi zote kidogokidogo kwa zamu. Seti ya kawaida ya nyuzi za namba 10 huvuta shingo kwa uzito wa kilo 45 hivi, na ukikata nyuzi kwa mkasi zikiwa zimekazwa, mzigo wote huo unaachia ghafla. Piga picha kabla ya kila hatua, rula ikiwa pembeni. Skrubu zisitupwe pamoja kwenye kikombe: chora umbo la gitaa kwenye kadibodi na kila skrubu uichomeke mahali ilipotoka, kwa sababu iliyotofautiana na wenzake kwa kutu au kwa kichwa ni ushahidi. Kwenye gitaa la 1964 lile bamba la mbele la plastiki hushikwa na skrubu 11. Plastiki ya wakati ule husinyaa na miaka, skrubu zinakaa upande, na ukizikaza tena kwa nguvu bamba linapasuka karibu na mikro ya shingoni. Tumia bisibisi inayojaa kichwani mwa skrubu sawasawa. Ile ndogo itakula msalaba wake na hutaitoa tena.

Ukishatoa shingo, tazama kisigino chake, yaani sehemu iliyokuwa imefichwa na mwili. Hadi 1962 tarehe iliandikwa kwa penseli, baada ya hapo ikagongwa kwa muhuri wa wino. Utakuta kitu kama "2 MAR 64 B". Hapa wengi wanajikwaa. Ile 2 si tarehe mbili ya mwezi wa tatu. Ni alama ya aina ya gitaa, na kwa miaka ile 2 ni Stratocaster. Herufi B ni upana wa shingo. Kwa hiyo muhuri huo unasema shingo ilitengenezwa Machi 1964, basi. Gitaa zima lingeweza kuunganishwa miezi kadhaa baadaye. Ukikuta kipande cha karatasi ngumu kati ya shingo na mwili usikitupe wala usikibadilishe upande.

Halafu potenshometa, yaani vifaa vilivyo chini ya vile vifundo vitatu vya sauti na toni. Nyuma yake kuna tarakimu: 304 ni kiwanda cha Stackpole, 137 ni CTS, zinafuata tarakimu mbili za mwaka na mbili za wiki. 304 6412 ni wiki ya 12 ya mwaka 1964. Tarehe hiyo inakuambia tu kwamba gitaa haliwezi kuwa la kabla ya hapo. Mwaka 1966 Fender walinunua potenshometa nyingi mno kwa mkupuo, na hizohizo zinakutwa kwenye magitaa ya hadi 1969, kwa hiyo potenshometa ya 1966 haithibitishi gitaa la 1966. Angalia pia lehemu. Usiyeyushe hata tone moja. Kiungio ambacho hakijawahi kuguswa kimefifia na hakina waya mwingine uliowahi kupita juu yake. Lehemu iliyochovywa mara ya pili mara nyingi huacha mduara uliong'aa au kuungua pembeni.

Mikro za Fender za miaka ile hupimwa upinzani wa umeme, na husoma kati ya kilo-omu 5.5 na 6.5 hivi. Ukipimia kwenye tundu la waya bila kufungua gitaa, sauti iwe imefunguliwa hadi mwisho, na ujue potenshometa ya kilo-omu 250 inapunguza kipimo: mikro ya 6.0 itasoma karibu 5.86. Joto nalo linahesabika. Waya ni wa shaba, na upinzani wa shaba hupanda kama asilimia 4 kwa kila nyuzi joto 10. Mikro ileile iliyopimwa asubuhi ya Juni na ile iliyopimwa mchana wa Oktoba hapa kwetu zitaonekana kama mikro mbili. Tumeona watu wakigombana kwa ajili hiyo tu.

Kuhusu rangi, tafuta matundu ya misumari. Hadi karibu 1964 Fender waligongomea misumari midogo mwilini ili kuushikia wakati wa kupuliza rangi, wakaing'oa rangi ilipokauka. Matundu hayo, yaliyofichwa chini ya mabamba, yanatakiwa kuwa na mbao tupu ndani. Ukikuta rangi imeingia hadi chini ya tundu, mwili ulipakwa upya. Taa ya zambarau, ile ya kukagulia noti za dola, nayo inasaidia: vanishi ya zamani hung'aa kimanjano chenye ukijani, na viraka vipya mara nyingi hukaa vyeusi. Futa kwanza vumbi kwa kitambaa kikavu, maana nta ya kung'arishia nayo inawaka na kukuchanganya. Usitumie petroli wala asetoni. Asetoni itaondoa swali pamoja na jibu.

Sasa tufike kwenye neno letu hasa. Yote hayo juu yanaweza kuthibitisha kwamba gitaa ni la 1964, kwa mfano. Hayathibitishi mpigaji. Gitaa ambalo halijaguswa linafanana na mamia ya ndugu zake waliotoka kiwandani mwaka huohuo, na hakuna picha ya zamani itakayoweza kulitenga nao. Kinacholitenga ni yale yale mnayotaka kuyafuta: tundu lililotobolewa kwa swichi, mikro ya kigeni, mchubuko wa mkanda, alama ya sigara kichwani.

Tazameni gitaa jeusi la David Gilmour, mpiga gitaa wa bendi ya Pink Floyd. Ni Stratocaster ya 1969, aliyoinunua New York mwaka 1970 katika duka la Manny's. Chini ya rangi nyeusi kuna rangi nyingine ya mng'ao wa jua, kwa sababu lilipakwa juu yake. Lilibadilishwa shingo zaidi ya mara moja. Lilitobolewa kwa soketi ya aina nyingine, tundu likazibwa. Likawekewa swichi ndogo ya kuunganisha mikro ambazo kiwandani haziungani. Mikro ya nyuma ikabadilishwa. Mwaka 1983 likachongwa mbao ili kuwekewa kidaraja cha nyuzi cha Kahler, kisha kidaraja kikatolewa na mbao ikajazwa. Kwa mtu anayependa usafi, hilo ni gitaa lililoharibiwa. Lakini kila jeraha lina mwaka wake, na picha za majukwaani za miaka hiyo zinalionyesha jeraha moja baada ya jingine kwa mpangilio unaokubaliana na mbao. Fundi wake alikusanya historia hiyo yote. Juni 2019 lilipigwa mnada kwa Christie's, New York, likanunuliwa kwa dola 3,975,000. Angekuwa amelirudisha "kama kiwandani", nani angejua ni lipi?

Mfano mwingine ni Les Paul (aina ya gitaa la Gibson) ya 1959 ya mpiga gitaa Peter Green, iliyokwenda kwa mwenzake Gary Moore na sasa ni ya Kirk Hammett wa bendi ya Metallica. Sumaku ya mikro ya shingoni imegeuzwa, kwa hiyo mikro mbili zikifunguliwa pamoja sauti zinapingana na kuwa nyembamba, kama ya mtu aliyebanwa pua. Fundi mwema akiona hivyo atasema ni kosa na "atalitengeneza". Kosa hilo ndilo gitaa.

Gitaa lenu, kama kweli lilipigwa katika orkestra ya rumba, lina sehemu moja ya kuangaliwa kwa kioo cha kukuza: kile kipande cha mfupa chenye mifereji sita kilicho mwanzo wa shingo. Wapigaji wetu wa mi-kompoze huondoa uzi wa nne na kuweka mahali pake uzi mwembamba unaolia oktavu moja juu. Uzi wa nne wa kawaida una unene wa milimita 0.66 hivi, na ule mwembamba ni kama theluthi moja yake. Ukiwekwa katika mfereji mpana hucheza na kukwaruza, kwa hiyo fundi hujaza mfereji kwa unga wa mfupa na gundi na kuuchonga upya, au hubadilisha kipande chote. Mfereji wa nne mwembamba kuliko wa tatu ni alama ambayo mlaghai wa Ulaya hataifikiria. Mfereji mpana haukanushi kitu. Uliojazwa ni ushahidi mzito. Na fundi wenu akishaweka mfupa mpya, umekwenda.

Picha zinazolinganishwa zisiwe za jalada la santuri peke yake. Mara nyingine jalada lilichapishwa picha ikiwa imegeuzwa, na mtu wa mkono wa kulia akaonekana wa kushoto. Angalia vifungo vya shati na maandishi ya kwenye ngoma kabla hujalinganisha tundu na tundu. Pia studio ya picha ilikuwa na desturi ya kumpa mtu gitaa lililo zuri kwa macho. Bora picha ya jukwaani, yenye tarehe inayojulikana, inayoonyesha mistari ya mbao au mchubuko ambao haukai mahali pamoja kwenye magitaa mawili.

Imebaki risiti, ambayo hatujaiona, na mliinukuu kwa sehemu tu. Mlisema imeandikwa "Lubumbashi, 1965". Mji huu ulibadilishwa jina toka Élisabethville mwaka 1966. Mlisema bei imetajwa kwa makuta. Makuta yalikuja na sarafu ya zaire Juni 1967. Kabla ya hapo tulikuwa na faranga, na wakati wa kujitenga kwa Katanga hata faranga yake yenyewe. Kama kuna neno "Citoyen" (mwananchi) mbele ya jina la mnunuzi, au "Shaba" (jina la baadaye la Katanga) chini ya muhuri, hayo yalianza miaka ya 1970. Inawezekana kabisa kwamba risiti iliandikwa baadaye kwa nia njema, na mtu aliyekuwa anakumbuka ununuzi wa zamani. Basi iitwe kumbukumbu iliyoandikwa baadaye, na tarehe yake halisi itafutwe, isiitwe risiti ya 1965.

Ulizeni pia chombo kilikuwa mali ya nani. Katika orkestra nyingi za zamani gitaa halikuwa la mpigaji. Lilikuwa la mwenye bar, la mchapishaji wa santuri au la kiongozi wa bendi, na mpigaji alipohama aliliacha. Gitaa ambalo nyota alilipiga miaka miwili si gitaa lake, na wapigaji watatu wanaweza kuwa wameacha alama zao mwilini mwake. Familia isione haya kwa hilo.

Tunachoomba gazeti lichapishe, au familia itupatie, ni picha za vitu sita: kisigino cha shingo, migongo ya potenshometa tatu katika picha moja, matundu ya misumari, kipande cha mfupa kikiwa kimepigwa kutoka juu, kila tundu ambalo kiwanda hakikulitoboa likiwa na rula pembeni, na risiti mbele na nyuma. Kufungua tutafungua bila malipo, mbele ya wenyewe, mezani kwao. Vanishi na gundi tutaviacha dukani.

Mafundi wa vyombo vya muziki,
Kamalondo na Kenya, Lubumbashi