Anayejua "changu" na "wangu" asiogope jeneriki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitubu kosa langu la mwaka 2011, kisha niwaombe walimu wenzangu wa programu jambo kuhusu kufundisha jeneriki, yaani njia ya kuandika kipande kimoja cha programu kikafaa kwa aina nyingi za vitu.

Mwaka ule nilikiandikia chama kimoja cha kuweka na kukopa mfumo wa kutunza kumbukumbu, kwa lugha ya programu ya Java. Nilikuwa na haraka. Malipo yalikuwa nusu mwanzo, nusu kazi ikiisha. Nikaandika klasi, yaani kipande cha programu chenye data na kazi zake, ya kuhifadhi wanachama: kuongeza, kufuta, kutafuta kwa namba. Ilipokubali nikainakili ikawa ya hisa. Nikainakili tena ya akiba, ya amana, ya mikopo, ya marejesho, ya wadhamini, ya watumishi na ya matawi. Klasi tisa, mwili mmoja, yamebadilika majina tu. Nilijiona fundi kwelikweli.

Kwenye kutafuta palikuwa na dosari: mzunguko, yaani amri zinazorudiwa kwa kila rekodi, uliishia rekodi moja kabla ya ile ya mwisho. Niliigundua siku ya majaribio, nikairekebisha kwenye klasi nane. Ya wadhamini ikanipita. Kwa hiyo mdhamini aliyesajiliwa mwisho hakuonekana mpaka asajiliwe mwingine nyuma yake. Mama mmoja wa Mlali alikuja na mdhamini wake Ijumaa mchana, akasajiliwa akiona kwa macho yake, kisha karani akamwambia huyo mtu hayumo kwenye kompyuta. Jumatatu asubuhi wakarudi wote wawili, nauli juu ya nauli, kabla hajasajiliwa mtu mwingine. Hayumo.

Makarani, kama walivyo makarani, wakabuni dawa yao: kila mdhamini anasajiliwa mara mbili. Nakala ya pili inakaa mwisho na kufichika, ya kwanza inaonekana. Niliitwa miezi minne baadaye kwa kuwa wadhamini wa kwenye kompyuta walikuwa karibu mara mbili ya fomu zilizokuwa kabatini. Nilipoona sababu, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Dawa halisi ilikuwepo tangu toleo la tano la Java, lililotoka mwaka 2004, na inaitwa jeneriki. Unaandika klasi moja tu, Hifadhi<T>, ile T ikiwa nafasi tupu inayongoja kuambiwa aina ya kitu. Ukitaka ya wadhamini unasema Hifadhi<Mdhamini>. Ya mikopo, Hifadhi<Mkopo>. Mzunguko unakaa mahali pamoja, ukiurekebisha hapo umerekebisha zote tisa. Na habari hiyo niliijua! Niliisoma chuoni kwa Kiingereza, nikajibu swali lake kwenye mtihani, nikapata alama. Sikuwa nimeielewa.

Sasa nami nafundisha, na kwa miaka mingi nilifundisha kama nilivyofundishwa, nikiona macho ya vijana yakizima mara tu mabano yale yenye pembe yanapotokea. Mwaka juzi nikazima projekta, nikaandika ubaoni "-angu", nikauliza: hili ni neno gani? Wakacheka. Binti mmoja akasema, "Mwalimu, hilo bado halijawa neno, mpaka useme -angu ya nini." Kitabu changu, mke wangu, gari langu, nyumba yangu. Hakuna aliyekariri maneno manne. Wanajua shina moja, na wanajua nomino ndiyo inayoamua kiambishi. Nikawaambia: -angu ndiyo klasi yenu ya jeneriki, na nomino ndiyo T. Yule mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akikukata "kitabu langu" kwa wino mwekundu ndiye kompaila, ile programu inayokagua na kutafsiri ulichoandika kabla hakijaendeshwa. Anakataa mapema, sentensi haijatoka nje ya daftari.

Kabla ya 2004 orodha ya Java ilipokea kitu chochote bila kuuliza, kama gunia lisiloandikwa. Unatia mkono ukitarajia mchele, unatoka na mbolea, na programu inaanguka mteja akiwa dirishani.

Ngeli zikanipeleka mbali kuliko nilivyotarajia. Kijana mmoja aliuliza kwa nini Java na C++, lugha nyingine ya programu, zinasemwa kuwa tofauti kwenye jambo hili. Nikamwambia aangalie vivumishi vyetu. Neno "safi" halibadiliki: mtu safi, kitabu safi, maji safi. Ndivyo ilivyo Java: kompaila ikishakagua kwamba aina zinakubaliana, inazifuta, na mashine inabaki na mwili mmoja kwa wote. Lakini "-zuri" huzaa umbo jipya kila mara: mtu mzuri, kitabu kizuri, maji mazuri. Hiyo ndiyo C++, ambako kompaila hutengeneza mwili mpya kwa kila aina uliyoitumia, ndiyo maana kazi yake huchukua muda na faili huweza kunenepa. Hata ile ruhusa ya C++ ya kuiandikia aina moja utaratibu wake wa pekee tunayo: mti mrefu, kamba ndefu, wala hakuna anayesema "nrefu".

Kiolesura, yaani orodha ya ahadi ambazo klasi inatakiwa kutimiza, nilikifundisha kwa kifaru. Kwa umbo ni wa KI-VI, lakini husemi kifaru kimelala. Unasema amelala, kwa sababu anatimiza sharti la uhai, na sarufi haijali jina lake linaanza na herufi gani. Hifadhi yangu nayo haijali T ni mkopo au mtumishi, mradi itimize kiolesura chenye ahadi moja: ukiniuliza namba yangu, nitakupa. Bila sharti hilo kompaila isingenikubalia kutafuta kwa namba, maana ingejuaje kwamba kila kitakachoingia kina namba?

Mfano wangu una mahali unapochechemea, nisidanganye watu. Mdhamini ni mtu, lakini kwa Java orodha ya wadhamini si orodha ya watu, na vijana hukasirika kweli. Hapo ngeli hazinisaidii, narudi kwenye gunia: nikikuruhusu uliite gunia la wadhamini gunia la watu, kesho mwenzako atamtumbukiza humo mtumishi asiyemdhamini yeyote, na hatakuwa amevunja sheria.

Tena kuna ugonjwa wa upande wa pili. Akishaelewa, kijana anaijaza programu ya mistari ishirini T, U, V na W, kama bwana harusi aliyevaa saa kwenye mikono yote miwili. Lugha ya Go ilitangazwa mwaka 2009 na ikakaa bila jeneriki hadi toleo la 1.18, Machi 2022. Hata hivyo Docker na Kubernetes, programu maarufu za kuendesha programu nyingine kwenye seva, ziliandikwa kwa lugha hiyo katika kipindi hicho. Kwangu mimi, kitu kikitumika na aina moja tu, kiache na jina lake.

Ombi langu kwa wenzangu ni hili. Tuliondoe kwenye mitihani lile swali la "Eleza maana ya jeneriki, alama 5". Mpeni mwanafunzi klasi tatu zilizonakiliwa, moja ikiwa na dosari iliyosahaulika, mwambieni azikunje ziwe moja. Atakayeshindwa ataonekana, hata kama amekariri. Na msione haya kulieleza somo kwa Kiswahili eti mtihani ni wa Kiingereza.

Kisha tusaidiane maneno. "Darasa" kwa klasi limenishinda, kwa sababu kila nikisema darasa moja lina vitu vingi mtu anaangalia viti. "Kiolesura" na "kiolezo", yaani ile klasi yenye T, nayo yanafanana mno. Kwenye madaftari nimekuta "kiolesuzo". Kiolesura nimekiacha, lakini kile cha pili nakiita kalibu, kama kalibu ya kufyatulia matofali: chombo ni kimoja, na tofali litakuwa la udongo au la saruji kufuatana na ulichomimina. Vijana wa Kihonda hawahitaji kuelezwa mara mbili. Mwenye neno bora kuliko hilo aliandike hapahapa gazetini, nitaanza kulitumia muhula ujao.

Mwalimu wa programu,
Kihonda, Morogoro